Mashimo ya Bi Mize

Ipo siku moja ya miaka ya hamsini, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani, ingawa mengi nimeshayasahau na mengine nimechoka kuyakumbuka. Umeniletea karatasi zako nizisome kabla hujazipeleka kwenye hayo mashindano ya kuandika juu ya pahala. Nimezisoma. Ngoja nipumzishe macho kidogo, kisha nikueleze kwa nini sijazisifu.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini, mwalimu mpya, nakaa mtaa wa Malindi, mjini Unguja, na shati langu la kupigwa pasi. Gazeti moja la mjini likatangaza tuzo kwa atakayeandika juu ya pahala pamoja pa Unguja, hata asiyewahi kufika ajione amesimama hapo. Nikasema hii yangu. Nikapanda gari la shamba mpaka Kiwengwa kwa shangazi yangu, Bi Mize, aliyekuwa akiishi kwa makumbi ya nazi.

Labda kazi hiyo huijui. Maji yakitoka, wanawake wa kule walikuwa wakichimba mashimo pwani, wakafukia makumbi, wakazungushia mawe, wakayaacha miezi mpaka yaoze. Kisha huyafukua na kuyaponda kwa magongo, wakapata usumba wa kusokotea kamba. Kila shimo lina mwenyewe, na mama humwachia binti yake. Hati hakuna. Ni kukumbuka tu, jiwe hili la nani na lile la nani.

Shangazi hakujaaliwa binti. Alinitembeza pale tangu maji yalipotoka mpaka yaliporudi, akinionyesha shimo la bibi yake, la mama yake, na lake mwenyewe, akiyahesabu kuanzia kwenye jabali lenye ufa.

"Yaandike haya, mwanangu," aliniambia. "Mie kusoma sijui, na nkifa hapana wa kuyakumbuka."

Nikamwahidi.

Lakini niliporudi mjini niliona haya. Makumbi yaliyooza yananuka, usiseme. Watu wa mjini wakiwacheka wanawake wa kule kwa harufu hiyo, na shangazi mwenyewe kila akija mjini alizifukiza nguo zake udi mara mbili. Mimi mwalimu, insha yangu isomwe mbele ya waheshimiwa ikiwa na uvundo wa makumbi? Nikayafuta mashimo yote. Nikaweka mchanga mweupe, mawimbi, na upepo unaonukia asumini.

Nikashinda. Zawadi ilikuwa kalamu ya wino yenye kifuniko cha rangi ya dhahabu, na insha ikasomwa ukumbini, mchana, watu wamejaa. Shangazi alikuja, akakaa nyuma na wanawake wenziwe. Makofi yalipokwisha nikamwendea nikampa shikamoo.

"Marahaba," alisema. "Pazuri huko. Ni wapi?"

"Kwetu, shangazi. Kiwengwa."

Akaniangalia. "Asumini imeota lini pwani ya Kiwengwa?" Alicheka kidogo, halafu akaacha. "Nilikungoja ufike kwenye mashimo. Nikasema sasa hivi atayataja, sasa hivi. Mpaka watu wakapiga makofi."

Niliumia, mwanangu, na bado naumia. Nikamwambia nitaandika nyingine. Kisha nikahamishwa skuli, kisha nikaoa, kisha yeye akafariki, na ile nyingine sikuiandika. Udhuru wa kukupa sina.

Mwaka jana nikajikokota mpaka Kiwengwa, nikidhani nitaiandika sasa. Pamejengwa hoteli. Jabali lenye ufa sikuliona. Limevunjwa, au macho yangu ndiyo yaliyokwisha. Askari wa mlangoni aliniuliza kwa adabu, "Mzee, unatafuta nini?" Nikachungulia nyuma yake. Mchanga ulikuwa mweupe, umefagiliwa, na mlangoni wamepanda asumini. Kila nilichokibuni kipo. Nilichoombwa nikiandike hakipo, na shimo la shangazi lilikuwa la ngapi kutoka jabalini, sikumbuki tena.

Basi, hizi karatasi zako. Umeandika juu ya mtaa wenu wa Kiembe Samaki, na kwa maneno matamu umenishinda. Lakini mama yako anakaanga samaki na kuuza pale nje tangu hujazaliwa, na humu sikumwona yeye wala moshi wake. Mrudishe. Ukiandika pahala, waandike wanaoishi hapo, na kazi yao, na harufu ya kazi yao, hasa ile inayokutia haya. Na kabla hujawapelekea waamuzi, msomee mwenye pahala kwanza, umtazame usoni. Akikuuliza ni wapi huko, chana uanze upya. Usiahidi nyingine. Tuzo ukiikosa, njoo uchukue ile kalamu yangu. Imo kwenye droo, mtotoni mwa meza, wino ulishakauka siku nyingi.

Nenda sasa, nimechoka. Mungu akupe macho yasiyoona haya na mkono usiochelewa kama wangu, na amweke mama yako mzima mpaka umalize kumsomea.