Pishi Nyepesi

Niliacha shule mapema, na tangu hapo nimefanya kazi nyingi. Hakuna hata moja iliyofika mwaka. Miezi minne niliuza nafaka katika duka moja la Kuze. Tajiri wangu alinunua mahindi kwa kilo na kuyauza kwa pishi, kopo la bati lililojazwa na kufutwa juu kwa kijiti, kama walivyofanya wazee wake.

Mimi siwezi kuona kitu nisikichokonoe. Siku moja duka likiwa tupu, nilijaza pishi kutoka kila gunia nikaiweka kwenye mizani. Kopo lile lile, uzito mbalimbali. Mahindi yaliyokomaa shambani na kukauka vizuri yalikuwa mazito. Yaliyovunwa machanga, na yaliyotobolewa na fukusi, yalijaza kopo kwa upepo. Nilimwendea tajiri nikitarajia sifa.

"Kwa hiyo mahindi mepesi," akasema polepole, "kwa kilo zile zile, yatoa pishi nyingi zaidi?"

"Ndiyo, lakini ni mabaya."

"Mashaallah. Kumbe una akili."

Tangu siku hiyo kazi yangu ikawa kutafuta mahindi mepesi. Nilikuwa hodari.

Aliyeumia ni mama mmoja aliyewapikia mahamali wa soko la Marikiti pure ya mahindi na maharagwe. Asubuhi moja alikuja na bakuli la masazo.

"Tazama. Nachemsha mahindi, yatoka maganda. Mahamali waniuliza, 'Mama, leo ni supu ya makapi?' Watatu washahamia kwa mwenzangu. Wakienda wote, nitampikia nani?"

Tajiri alikuwa msikitini. Nikamwonyesha mama mizani, na pishi ya kila gunia juu yake.

Siku ya pili mama alisimama mbele ya tajiri, akataka pishi ya kila gunia ipimwe uzito kabla hajachagua. Wateja wengine nao wakataka.

"Dada yangu," tajiri akauliza kwa upole, "nani kakufundisha haya?"

Alininyooshea kidole bila haya.

Tajiri aliniombea dua ndefu ya heri, kisha akaniambia elimu yangu imezidi duka lake. Mama alikuwa ameshajaziwa kiroba cha mahindi mazito kuliko yote.

"Maadamu huna kazi," akaniambia, "nibebee hiki mpaka Marikiti. Na usikiburure."

Nilikibeba. Mahindi mazuri huumiza bega. Kesho yake mahamali wawili walirudi. Wa tatu alituma salamu kwamba angoja kwanza asikie wenzake wasemaje.