Benchi Lisilo na Viporo

Kila asubuhi, kabla hajasema neno na mtu, Mama Gundi huchukua kipande cha kioo kilicho kichwani mwa kitanda chake, akavuta chini ukope wa jicho la kushoto kwa kidole gumba na kuitazama nyama ya ndani. Muuguzi ndiye aliyemzoesha, siku alipomfunua jicho hivyo hivyo kisha akaguna. Inatakiwa iwe nyekundu. Yake ni nyeupe kama ganda la yai. Akishaiona hukilaza kioo kifudifudi, akafungua mlango, akaingia kazini.

Kazini kwenyewe ni kuvuka kizingiti tu. Chumba chake kimo nyuma ya karakana ya viatu na hakina mlango mwingine. Karakana hiyo waliianzisha ndugu wawili, mumewe na shemeji yake. Mume alipofariki, shemeji aliwaita watu wa ukoo, akakohoa, akakata shauri mbele yao: chumba cha nyuma ni cha anayepaka gundi, kwa kuwa mpakaji ndiye huanza kabla ya wote na kumaliza baada ya wote. Mjane akasema basi gundi ataipaka yeye. Watu wa ukoo wakamsifu shemeji kwa huruma yake, na kweli huruma alikuwa nayo. Jina la Mama Gundi lilikuja baadaye, likaganda kama gundi yenyewe.

Gundi ya soli haitaki haraka wala vumbi. Unaipaka kwa brashi, kwenye kiatu na kwenye soli, unaiacha mpaka ukiigusa haikushiki kidole, ndipo unabandika na kugonga kwa nyundo. Vumbi likitua hapo katikati, mteja atarudi soli iko mkononi. Ndiyo maana madirisha ya karakana hayafunguliwi. Harufu hushinda na watu humo ndani, na jioni hupita chini ya mlango ikaenda kulala na Mama Gundi. Mgeni akiingia hukohoa na kuulizia hewa. Yeye alikuwa haisikii tena.

Viatu vilivyokamilika hupandishwa rafuni kusubiri wenyewe; ambavyo havijapata soli hadi jioni hupangwa kwenye benchi refu la ukutani, navyo huitwa viporo. Siku ya viporo vingi Shemeji hununa kama aliyemeza msumari. Siku benchi likiwa tupu hutania kila mtu na kufunga mapema. Karakana nzima iliishi kwa kanuni hiyo: ambavyo havijakamilika vikiwa vichache, mambo ni mazuri.

Mama Gundi alipoanza kuchoka hovyo, alijikaza. Akipanda ngazi kwenda kuanika nguo, moyo ulimwenda mbio kama mwizi. Akapewa vidonge vya kuongeza damu, akavimeza boksi likaisha, akapewa boksi jingine, na jicho likabaki lile lile. Daktari akasema kwamba damu ni pungufu anajua, sasa anataka kujua kwa nini. Akaagiza kipimo ambacho Mama Gundi hakuwahi kukisikia: kuhesabu chembe changa nyekundu, zile zilizotoka kutengenezwa na bado hazijakomaa.

Majibu alikwenda kuyachukua na mpwa wake, binti ya kaka yake, msichana wa chuo kikuu ambaye anaweza kushinda na watu kutwa nzima, kitabu mapajani, asiwaambie lolote. Daktari alikuwa ameshatoka. Wakaambiwa warudi kesho.

"Zimeandikwa ziko chini ya kiwango, Shangazi," mpwa akasoma. "Ila tumsubiri daktari atueleze."

Mama Gundi alikuwa ameshasikia alichokitaka. Aliingia karakana akitabasamu.

"Wamesemaje?" akauliza Kipara, mkata soli, bila kuinua kisu.

"Viporo hakuna."

"Viporo gani tena?"

"Vya damu. Walikuwa wanahesabu zile changa, ambazo hazijamalizika. Zangu chache kabisa. Maana yake zote nilizo nazo zimekamilika."

Kipara akaweka kisu chini. "Shemeji, umesikia? Huyu mama ana fundi tumboni hodari kuliko mimi."

"Kuliko wewe hata paka wa jirani ni fundi," Shemeji akasema, na uso ukamchanua. "Nilikwambia, shemeji yangu. Uchovu tu. Umekaa unajitia hofu bure." Akaagiza soda kwa watu wote. Mpwa akaipokea yake, akainua macho kama anayetaka kusema kitu, akayarudisha kwenye chupa.

Kesho yake Mama Gundi alimwambia daktari habari ile ile ya viporo, kwa furaha ile ile. Daktari, mwanamke mfupi wa sauti ya taratibu, alimwacha amalize na hakucheka.

"Niambie, mama. Benchi la viporo likiwa tupu, rafu za viatu vilivyokamilika zinakuwaje?"

"Zimejaa."

"Na kama rafu nazo ni tupu?"

Mama Gundi akaiona karakana mchana kweupe, rafu hazina kitu, benchi halina kitu, na nyundo haisikiki.

"Hapo hakuna anayefanya kazi," akasema polepole.

"Ndivyo ilivyo damu yako. Chembe nyekundu zilizokomaa ni chache, hizo ndizo rafu. Mwili ukipungukiwa hivyo, uboho, ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa, hutakiwa ukazane, utoe chembe changa kwa wingi. Ningeziona nyingi ningesema fundi yuko kazini, ila damu inapotea au inaharibika mahali, tukapatafute. Zako ni chache. Fundi mwenyewe ndiye hatoi kitu." Akavuta kiti karibu. "Huko kazini mnavuta hewa ya nini?"

"Hewa ya kawaida tu."

"Gundi, Daktari," mpwa akasema, na masikio yakamwaka moto. "Kutwa nzima, na madirisha yamefungwa."

Daktari akaeleza kwamba baadhi ya gundi zina kemikali inayoudhuru uboho. Hakusema ndiyo hiyo. Ziko sababu nyingine, na itabidi uboho wenyewe upimwe kwenye hospitali kubwa. "Lakini tangu leo usiishike tena gundi hiyo. Wala usilale inapolala."

"Chumba changu kimo humo humo."

"Basi uhame, mama."

Alilisema kwa upole, kama anayemwomba mtu asogee kidogo kwenye foleni.

Njiani mpwa alisema kwamba bwenini wanabanana wanne na mgeni haruhusiwi kulala, ila angejaribu kumwomba mlezi wa bweni. Mama Gundi alimshika mkono tu. Kwa kaka yake hakukuwa na pa kutandika hata mkeka. Hilo wote wawili walilijua.

Walipoingia karakana, nyundo zilinyamaza.

"Haya, shemeji, daktari kasemaje?" Shemeji akauliza, na alikuwa anataka kujua kwa dhati.

"Kasema nisijichoshe. Nile vizuri."

"Na viporo?" Kipara akadakia.

"Bado hakuna."

"Si mnaona? Fundi wa ndani hana mchezo huyo."

Wakacheka, nyundo zikaendelea. Mama Gundi akajifunga aproni, akaketi mahali pake, akafunua kopo la gundi. Harufu ikampanda puani kama siku ya kwanza. Alizuia pumzi akapaka kiatu, akazuia tena akapaka soli, mpaka kifua kikamuuma na ikambidi avute hewa, akaivuta yote.

Mpwa alisogeza kigoda karibu yake. Kisha akamwinamia sikioni.

"Shangazi, mbona hukumwambia shemeji yako?"

Mama Gundi aliweka kiatu pembeni kikauke.

"Kwa sababu angenihurumia," akasema. "Angenitoa kwenye gundi leo leo, na mpakaji mpya angehitaji pa kulala."