Picha Ambayo Ngina Hakuichora

Ngina Nthiwa huchora nguo zilizoanikwa. Anaishi Kabiria, katika ghorofa ambayo kila roshani imefungwa kamba, na kwa muda mrefu kamba hizo ndizo zimempa kazi: mashuka, sare za shule, ovaroli za mafundi, fulana za watoto zilizopauka shingoni. Husema akiitazama kamba ya jirani anajua nani amejifungua, nani amebadilisha kazi na nani ameachwa. Watu hawamo katika picha zake, lakini ukizitazama utawaona.

Mamake, Everlyn, aliuza mitumba Kawangware miaka yote ya utoto wa Ngina. Mtoto alikulia juu ya marobota, akajua pamba inavyoanguka na nailoni inavyokataa kuanguka. Alipomaliza shule mamake alitaka asomee uhasibu. Ngina akasoma muhula mmoja, kisha akaanza kwenda Westlands, kwenye gereji kuukuu nyuma ya nyumba moja ambako wachoraji kadhaa walikodi nafasi pamoja. Huko ndiko alikokutana na Jamleck Kibe.

Jamleck aliwazidi wote umri. Alikuwa ameanza kwa kuandika mabango ya maduka kwa mkono, kabla mashine hazijaichukua kazi hiyo. Alimfundisha Ngina kuwamba kanvasi kwenye fremu, kuchanganya nyeupe isiyo nyeupe kabisa, na kutoogopa picha kubwa kuliko yeye.

"Usichore kama mtu anayeomba ruhusa," alimwambia mapema kabisa.

Ngina akamwita Mwalimu, na hakuacha kumwita hivyo hata picha zake zilipoanza kutafutwa, hata alipopata chumba chake mwenyewe cha kuchorea juu ya ghorofa kule Kabiria. Sasa picha zake ziko katika ofisi za Westlands na sebule za Kilimani, na amewahi kufanya onyesho la peke yake katikati ya jiji. Zamani akiulizwa kazi yake alisema, "Nachora chora tu." Siku hizi husema, "Mimi ni mchoraji," kisha ananyamaza, aliyeuliza aendelee mwenyewe.

Mwaka jana, mvua za masika zikianza, wakili mmoja wa Kilimani aitwaye Ivyne Sifuna alimpigia simu. Alikuwa amenunua picha yake, akamwomba aje aione ilivyokaa ukutani. Ngina alifurahi, akaenda.

Picha ilikuwa juu ya kochi. Roshani, kamba, mashuka mawili, shati la buluu, na kwenye kona ya chini jina lake. Ngina aliisogelea, akalikagua shuka moja kwa karibu.

"Vipi?" Ivyne aliuliza. "Nimeiweka vibaya?"

"Umeiweka vizuri. Lakini si yangu."

Ivyne alicheka, kisha akaacha. "Na hilo jina?"

"Jina ni langu. Picha si yangu. Ona hili shuka. Limetoka tu kufuliwa, lakini halivuti kamba hata kidogo. Hizi nguo hazina maji."

Ivyne alisema aliipata katika duka la fanicha lililo karibu na kwake. Ngina alisikia hasira ikimpanda hadi masikioni. Lakini jicho lake halikutulia kwenye nguo. Lilikwenda nyuma, kwenye ukuta wa ile roshani. Plasta ilikuwa imeshika moshi wa majiko, na chini ya moshi kulikuwa na tangazo la zamani la sabuni, mvua imelila hadi herufi zimebaki nusunusu. Yeye mwenyewe hajawahi kuchora ukuta namna hiyo. Kuta zake zilikuwa mahali pa kufungia kamba, basi. Halafu akaiona herufi S, yenye tumbo kubwa na shingo fupi. Alikuwa ameiona S hiyo mamia ya mara, kwenye mabango ya Jamleck yaliyoegemezwa gerejini.

"Namjua aliyeichora," alisema. "Nitamleta kwako."

"Mimi ningeita polisi."

"Hata mimi, kama singekuwa namjua."

Asubuhi iliyofuata alimkuta Jamleck gerejini akimimina chai.

"Mwalimu, nimeona picha yangu Kilimani. Picha ambayo sikuichora."

Jamleck aliweka kikombe chini. Hakujifanya haelewi, na kwa hilo Ngina alikuja kumshukuru baadaye.

"Nilichora hiyo moja tu," alisema. "Nilitaka kujua kama naweza. Halafu mwenye duka akaiona, akauliza kama ni yako. Sikusema ndio, sikusema hapana."

"Jina uliandika wewe."

"Jina niliandika mimi." Akajifuta mikono kwa kitambaa ingawa haikuwa na rangi. "Ngina, watu hupita hapa kila siku. Wanaangalia zangu, wanasema ni poa, wanaenda. Hiyo haikumaliza hata wiki dukani."

Njiani Ngina alikuwa amepanga maneno makali. Aliposimama mbele ya mzee huyu yakapungua, lakini hayakuisha.

"Umeniumiza. Miaka yote nikikuita Mwalimu sikuwa nakutania. Na nikwambie kitu kingine, na sikubembelezi. Huo ukuta ni mzuri kuliko ukuta wowote nimewahi kuchora. Mbona unauficha nyuma ya nguo zangu?"

"Ukuta?"

"Ukuta. Chukua brashi na rangi, twende Kilimani. Utamwambia mwenyewe."

"Unataka niaibike mbele ya mteja wako?"

"Ndio. Kidogo."

Walikwenda. Jamleck alieleza yote akiwa amesimama, kwa sababu Ivyne hakumkaribisha kiti. Akamaliza kwa kusema kwamba angeichukua picha na kurudisha pesa, hata kama ni polepole. Ivyne akaigeukia picha.

"Niliipenda kabla sijaona jina," alisema. "Au nilijiambia hivyo. Sasa nataka kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Toa hilo jina."

Jamleck akapiga magoti juu ya kochi, akachanganya rangi ya moshi na plasta, akalifunika jina la Ngina mpaka likawa sehemu ya ukuta. Kisha akaandika lake. Ivyne akasema picha ibaki.

Ngina hakuishia hapo. Alitaka mwenye duka aambiwe, na wenzao wa gerejini pia, na Jamleck akawaambia. Baadhi yao waliacha kumsalimia kwa miezi. Ngina mwenyewe alibadilisha kufuli ya chumba chake, ambacho Jamleck alikuwa na ufunguo wake, na hakumpa mwingine. Hakulificha jambo hilo. Alimwambia kwa simu, naye akasema, "Sawa, nimeelewa."

Lakini Jamleck alianza kutembea katikati ya jiji akiwa na daftari la michoro, kwenye vichochoro vya nyuma ya River Road ambako kuta bado zimebeba matangazo ya watu waliokwisha funga maduka. Alichora kuta tupu, bila nguo, bila mtu. Alipotaka kuzionyesha aliwapelekea mwenyewe waandaaji wa onyesho la pamoja. Ngina alikuwa katika kamati ya kuchagua. Zamu ya kazi za Jamleck ilipofika alitoka nje, akarudi zilipokwisha amuliwa. Walichukua tatu.

Mwezi wa Novemba Ngina alifungua onyesho lake jipya mjini. Jamleck alikuja, koti limepigwa pasi. Mwandishi mmoja wa gazeti alimuuliza Ngina alijifunzia wapi kuchora, naye hakusita.

"Kwa yule pale, mwenye koti la kahawia. Nenda umuulize kuhusu kuta."

Kesho yake alirudi juu ya ghorofa mapema. Alikuwa amewamba kanvasi kubwa kuliko zote alizowahi kujaribu, kubwa hata ikabidi apandie kigoda ili aifikie juu. Jua la Kabiria lilikuwa limeshaanza kuwaka. Shiru, jirani wa chini, akatokea kwenye ngazi na karai la nguo kiunoni.

"Ngina, naanika ama leo unataka kamba ikae tupu?"

"Anika," Ngina alisema, akichovya brashi. "Anika zote."