Fulana ya Baridi

Leo asubuhi, kabla ya mashindano ya kuogelea kwa mtindo huru, mwenzangu alifungua begi lake, chumba kikanuka nguo za mtumba zilizotoka tu kwenye robota. Nikaikumbuka fulana yangu.

Mama aliichagua gulioni Soni, enzi mitumba ilipoanza kumwagwa chini kama viazi. Ilikuwa ya bluu, inavutika, haina mikono. "Hii itakubana kifua," alisema, "baridi haitapata pa kupita." Niliivaa ndani ya sare ya shule, na baridi ikapita kama kawaida.

Siku moja tukimwagilia kabichi, nilivua gauni lisilowe. Jirani yetu mmoja, aliyewahi kufanya kazi kwa Wazungu, akaangua kicheko. "Hiyo si ni nguo ya kuogelea hiyo! Mama yako kauziwa nini jamani?" Bonde zima likacheka.

Sikujua kuogelea, ila mama yangu hachekwi mbele yangu. Nikajitupa kwenye bwawa la kumwagilia, nikapigapiga mikono, nikameza matope, nikatokea ng'ambo.

Mama alishuka mbio kutoka kwenye matuta yake. Akanigusa mgongo uliolowa, akawatazama waliokuwa wakicheka.

"Mama, kumbe si ya baridi," nikamnong'oneza. "Ni ya kuogelea."

"Nimeinunua mimi," akasema kwa sauti iliyofika ng'ambo, "nitashindwaje kujua ni ya nini?" Kisha akanishika mabega, akanigeuza nikalitazama bwawa.

"Rudi majini."