Nyufa za Saa Sita

Nilipotoka chuoni, nchi ikiwa bado changa, nilipelekwa Singida kusimamia kipande cha barabara kilichochakaa. Kabla ya kumwaga lami mpya ilibidi kuziba nyufa za lami ya zamani. Ufa usiozibwa chini huchomoza tena juu palepale.

Kila saa sita mchana nilizunguka na chaki nikiweka alama penye ufa. Asubuhi iliyofuata mnyapara, mzee wa makamo, aliziba na vibarua wake. Lakini pipa la lami nililokadiria litatosha siku tatu lilikwisha kwa mbili. Nikapita makusudi mbele ya nyumba yake. Bati la paa lilikuwa na mabaka meusi ya lami. Usingizi ukanipotea. Nikamwandikia mkuu wangu barua kwamba mnyapara ni mwizi, nikaiweka mfukoni kusubiri lori la Ijumaa. Nilijua ikifika, mzee hana kazi.

Alhamisi niliwahi, upepo wa baridi ukinikata masikio. Nikamkuta mnyapara anamwaga lami mahali ambapo sikuweka alama.

"Shikamoo mzee. Hapo mbona hapana chaki?"

"Marahaba. Jana ulipita saa ngapi?"

"Saa sita."

Kibarua mmoja akaangua kicheko. "Nyufa zinamwogopa msomi! Akipita zinafumba mdomo."

Mnyapara hakucheka. Alichuma unyasi mkavu, akauchomeka kwenye ufa mwingine usio na alama. Ukazama. "Huu tunakuachia. Utazame jua likipanda."

Nikawaza: ameupanua kwa kisu ili anizuge. Nikakaa kando ya ufa ule, nikiulinda kama mtu alindaye mtama, hadi saa sita. Nikavuta unyasi. Ukakatika. Ufa ulikuwa umeubana, hata kuuona ilinibidi kuinama.

Baridi huufungua, jua huufunga. Hilo nililijibu kwenye mtihani, nikapata. Na mabaka ya bati yalikuwa yamepauka, ya miaka. Hilo nalo nililiona, nikalipuuza.

Ijumaa dereva wa lori aliuliza kama nina barua. Nikasema sina. Hata hivyo, mchana ule nilijaribu unyasi kwenye ufa mwingine uliokuwa wazi asubuhi, kwa uhakika. Haukuingia.

Jumamosi asubuhi nikampa mnyapara chaki. "Weka alama wewe, mzee."

Akaigeuzageuza, akanirudishia. "Ya nini, ndugu mhandisi? Saa hizi zinaonekana zenyewe."