Jibu Nililompa Mzee Stepani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka huegemea jembe nikasahau kwamba nilikuwa napalilia. Majirani hapa Kanazi wakiniona nimesimama katikati ya maharage, midomo inachezacheza, husema bibi anasali. Sisali. Nasema maneno ya lugha ambayo huku hakuna mtu wa kunijibu.

Kwa kuwa Jumatatu unaanza kazi ya maabara kule Biharamulo, keti nikusimulie. Mama yako anaijua nusu tu.

Nilikuwa binti mdogo nilipopelekwa kusomea upimaji wa maabara katika nchi moja ya baridi, Ulaya ya Mashariki. Miaka michache kabla sijafika, mtambo wa nyuklia ulikuwa umelipuka huko. Watu wengi waliitwa kwenda kusafisha: kuosha barabara na mapaa, kuchimba udongo wenye sumu na kwenda kuufukia. Kazi ilipokwisha walirudi kwa familia zao, lakini waliendelea kupimwa kila baada ya miezi kadhaa, maana mionzi haina harufu wala haipigi hodi. Maabara niliyojifunzia ilishughulika na matumbo yao.

Utauliza, tumbo linapimwaje kwenye damu? Utando wa ndani wa tumbo hutengeneza vitu vya kusaga chakula, na kiasi kidogo huingia katika damu. Utando ukichakaa, kiasi kile hushuka. Ukipima pia kama mwili umepambana na wale bakteria wa vidonda vya tumbo, unapata fununu. Fununu tu. Damu haisemi mtu huyu ana saratani. Inasema mtu huyu aangaliwe ndani kwa kamera, na asicheleweshwe.

Mzee Stepani alikuwa mmoja wa wasafishaji wale. Aliendesha lori la kubeba udongo. Mara ya kwanza kumtoa damu mkono ulinitetemeka, naye, badala ya kukasirika, akaniuliza kwetu tunalima nini. Nikamweleza migomba na kahawa, nikasahau woga. Tangu siku ile, kila akija alingoja kiti changu, hata foleni ya mwenzangu ikiwa fupi. Aliniita binti, kwa lugha yao, akilivuta neno lile taratibu kama mtu anayelionja.

Kijiji chake kilikuwa kimehamishwa chote, na kurudi ni marufuku. Akikitaja, alitazama dirishani kwa namna niliyoijua. Kule Bugarama nilikozaliwa tulikuwa na jirani aliyekimbia kutoka Burundi. Baada ya kazi alisimama nyuma ya nyumba akitazama vilima vya ng'ambo ya mpaka, vilima alivyoviona lakini asikoweza kwenda kulala. Macho yalikuwa yale yale. Nami nilikuwa na miaka miwili sijasikia mtu akinisalimu kwa Kihangaza, lugha ya kwetu. Basi tukawa, tuseme, watu wa nyumba moja.

Theluji ilipoanza kuyeyuka mwaka ule, alikuja kupimwa, na baada ya siku chache akarudi kuuliza majibu. Alikuwa amepewa kiwanja mahali papya, mbali, na miche ya matofaa ilikuwa tayari. Kule msimu wa kupanda ni mfupi, ukipita, umepita. Majibu yakiwa mabaya ingebidi abaki mjini kwa vipimo zaidi.

Daktari Galina, mkuu wetu, alikuwa kwenye kikao. Mwanafunzi hakuruhusiwa kutoa majibu. Lakini karatasi nilikuwa nayo mkononi, na nilikuwa nimeisoma: kile kiasi kilikuwa kimeshuka sana, na bakteria walikuwepo.

"Binti," akaniambia, "niende kupanda au nibaki?"

Mimi mtoto wa mkulima, nilijua kukosa msimu ni nini. Nikamtazama usoni, na sikuweza kumwambia kweli.

"Nenda kapande, baba," nikasema. "Damu yako ni nzuri."

Alicheka. Sikuwa nimewahi kuona meno yake. Nilijiambia kwamba Daktari atampelekea barua, kwamba wiki chache si kitu. Barua ilipelekwa kweli. Baadaye tulijua kwamba aliiweka kando, akiamini ni ya utaratibu tu, kwa sababu binti yake wa maabara alikuwa ameshamwambia yu mzima.

Alirudi majani yakipukutika. Koti lilimning'inia kama limetundikwa kwenye mti. Wakamwingiza kamera, wakakuta uvimbe, wakampasua.

Nilikwenda mwenyewe kwa Daktari Galina nikakiri. Hakupaza sauti. Alivua miwani, kisha akasema, "Ulijionea huruma wewe, ukadhani unamhurumia yeye." Akaniambia pia kwamba hakuna ajuaye kama kuwahi kungebadilisha lolote, wala kama chanzo ni mionzi, bakteria au sigara zake. Sikupata hata nafuu ya kujua ukubwa wa kosa langu.

Kwa Mzee Stepani nilikwenda siku ya tatu baada ya kupasuliwa. Nikapiga magoti kando ya kitanda, kama tunavyofanya kwetu, nikamwambia yote. Alinisikiliza, mkono wake mzito juu ya kichwa changu.

"Huenda ningekwenda kupanda hata hivyo," akasema. "Lakini ningekwenda nikijua. Ungeniachia nichague mwenyewe, binti."

Kila nilipomtembelea baadaye alinikaribisha vilevile. Alifariki wakati wa baridi, nikiwa katika mtihani. Walimzika bila mimi, katika ardhi ambayo si ya kijiji chake.

Sasa mimi ni mzee kuliko alivyokuwa yeye, na bado nina hamu ya kumwona yule mtu. Natamani kuitwa binti tena kwa ile sauti. Natamani aje anikute hapa shambani, nimkatie ndizi, nimwonyeshe kahawa inavyochanua. Wanasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi nimelia kwa lugha mbili.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Huko uendako watakuja wazee wenye matumbo yanayowaka, wamekunywa dawa za mizizi mpaka wamechoka. Utawapenda baadhi yao. Watakutazama usoni kabla hujafungua mdomo. Usimpe mtu jibu kwa sababu ndilo analolitaka. Kama si kazi yako kulitoa, mpeleke kwa mwenye kazi hiyo, ukikaa naye benchini ikibidi. Kama ni kazi yako, sema kweli kwa sauti ya upole, kisha usikimbie. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa mwenzio si wako kuufunika kwa mkeka. Ukikosea, nenda ukaungame mtu angali hai.

Mungu akupe mkono usiotetemeka na moyo usiokauka. Wakulilie begani watu wako, wala usiwalilie makaburini. Nenda na amani yangu, binti.