Ramani ya Bonde Lenye Majaruba

Wewe unayenisikiliza, usiogope ramani. Mimi mwenyewe nilijua kuisoma vizuri nikiwa tayari nalipwa mshahara kwa kuitunza.

Nilikuwa mtunza ramani katika ofisi moja ya ardhi Mwanza, miaka ile ya tisini biashara ilipofunguliwa na kila mtu akataka kiwanja. Asubuhi moja aliingia mama wa Kisukuma, mkulima wa mpunga kutoka bonde moja la Buswelu. Wapimaji walipita kwake wakati wa kiangazi, majaruba yake, vile vishamba vya mpunga vilivyozungushiwa matuta ya kuzuia maji, yamekauka, wakaandika kuwa ni ardhi tupu. Sasa bonde lote lingekatwa viwanja, naye hakuwa na shamba lingine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa wewe ndiye unayefuga makaratasi ya zamani."

Nikamtandazia ramani ya bonde lile, iliyochorwa enzi za Mwingereza. Akainamia mistari ya kahawia inayozunguka vilima, akacheka.

"Ng'ombe wa nani hawa? Wanazunguka mlima tu, hawashuki kunywa!"

Alidhani ni njia za mifugo. Nikaanza kueleza kama nilivyofundishwa chuoni: kimo, usawa wa bahari. Akanitazama kwa huruma. Nikaacha, nikamwuliza, "Mama, ukijaza maji kwenye jaruba, yanafika wapi kwenye tuta?"

"Pande zote sawasawa. Maji hayana upendeleo."

"Basi kila mstari ni ukingo wa maji yaliyotulia. Bonde lingejaa, yangeishia hapo."

Kidole chake kikafuata mistari hadi pale yote inapojikunja kuelekea juu mlimani, mmoja baada ya mwingine.

"Hapa ukingo umeingia ndani ya mlima, pana korongo; ndipo maji yanaposhukia. Hiki kijito changu!"

Kweli, palikuwa na mstari mwembamba wa buluu. Nilikuwa nimeikunjua ramani ile mara nyingi bila kuuona.

Tukaipeleka ramani kwa mkuu wa wapimaji. Akakuna kichwa, akasimamisha kazi hadi masika. Aliporudi bondeni alikuta mpunga umesimama majini, naye akazama hadi magotini. Viwanja vikasogezwa kilimani, mama akabaki na majaruba yake.

Namshukuru hadi leo. Wote niliowafundisha ramani baada ya hapo, nimewafundisha kwa jaruba lake.

Nawe ukipata ramani ya zamani ya bonde lenu, tafuta pale mistari inapojikunja kuelekea mlimani, kisha nenda ukapaone wakati wa mvua, kabla hujanunua kiwanja.